Wanawake Waliofuatana na Jeshi, 1914–1918

Katika somo la historia twajifunza habari za majemadari na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo nataka tuwatazame watu ambao masomo yetu huwapita upesi, nao ni wanawake waliofuatana na jeshi.

Vita vilipoanza Agosti 1914, wengi wa askari wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa Waafrika, na wengi wao waliondoka na wake zao. Mwanza ilitwaliwa na Waingereza Julai 1916. Jeshi la von Lettow-Vorbeck likarudi kusini, likavuka Ruvuma Novemba 1917, likazunguka Msumbiji, hata likaweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mamia ya wanawake walikuwamo katika msafara huo mpaka siku ya mwisho.

Kazi yao ilikuwa nini? Askari alipofika kambini jioni hakukuta chakula tayari. Mwanamke ndiye aliyetafuta kuni na maji, akatwanga nafaka, akapika, akauguza. Kulipokucha alijitwika vyungu na mikeka, mtoto mgongoni, akaifuata safu. Wengine walijifungua njiani. Tena si wote waliokwenda kwa hiari yao. Wako waliotekwa vijijini, na hilo nalo yafaa lisemwe.

Sasa liko jambo la hapa kwetu Mwanza. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai mshahara wao uliobaki. Vitabu vyasimulia kwamba wazee kama 350 walikuja Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi kila mmoja akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa gwaride kwa Kijerumani. Yasemekana hakuna aliyeshindwa.

Mtihani huo ulimfaa askari. Lakini mwanamke aliyemlisha safari nzima angeonyesha nini? Hakuwa na cheti wala sare, wala hakufundishwa gwaride. Mimi naona hii ndiyo sababu ya kusahauliwa kwake: utumishi wake ulihesabiwa kuwa kazi ya nyumbani tu, ingawa bila kazi hiyo jeshi lisingekwenda hata wiki moja.

Dar es Salaam iko sanamu ya askari iliyowekwa 1927, na maandishi yake yawakumbuka wapagazi pia. Jina la Kariakoo nalo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wanawake hawakupata sanamu wala mtaa.

Basi likizo hii tuwaulize wazee wetu. Kama katika ukoo wako yuko bibi aliyesimuliwa kwamba alikwenda na msafara wa vita, andika jina lake na kijiji chake, ulete kwa mwalimu wa historia.

Maswali:
1. Taja kazi nne za wanawake hao.
2. Kwa nini mtihani wa ufagio haukuweza kuwapima?