Dondoo Muhimu: Kumtafuta Mtu Mtandaoni kwa Hadhari

Yeyote atakaye kumtafuta sahibu aliyepoteana naye, au kumdadisi mtu kabla ya kufanya naye biashara, na ajue kwanza kwamba mitandao haina desturi moja: Facebook haimwarifu mtu ni nani aliyezuru ukurasa wake, ilhali LinkedIn aghalabu humdhihirishia jina la mgeni, isipokuwa mgeni huyo awe ametangulia kuchagua, katika mipangilio ya faragha, kutazama kwa siri.

Programu zidaizo kukufunulia waliokutazama Facebook ni ghiliba tupu, na mara nyingi muradi wake ni kukupokonya neno la siri. Usizipakue kabisa.

Stetasi za WhatsApp humwonyesha mwenyewe jina la kila atazamaye. Ukizima tiki za buluu kabla ya kuzifungua stetasi hizo hutaonekana, lakini nawe hutawaona wanaotazama zako.

Wala usidhani kwamba lisilojulikana kwa umtafutaye halijulikani kwa wenye mtandao, kwani majina uandikayo huhifadhiwa katika historia ya utafutaji, nayo yafaa uifute mara kwa mara. Na ukiiruhusu programu isome daftari la simu yako, nambari za jamaa zako, ambao hawakuombwa idhini, huchukuliwa pia, jambo ambalo kwa rai yangu ni dhuluma. Nambari za simu nazo zaweza kutumiwa vibaya: mnamo Aprili 2018 Facebook iliondoa njia ya kumtafuta mtu kwa nambari ya simu, baada ya kubainika kuwa wenye nia mbaya waliitumia kukusanyia habari za watu.