Serikali Ikitumia Kuliko Inavyopata

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti bungeni Dodoma. Tunasikia redioni matrilioni yakitajwa, tunazima, tunakwenda kuanika dagaa. Safari hii tusizime. Mle ndani mna neno moja linalofika mpaka kwenye mchanga wa mwalo wetu wa Kibirizi. Neno hilo ni nakisi.

Nakisi ni upungufu. Serikali hupata fedha kwa kodi, ushuru na ada. Hutumia kwa mishahara, dawa, barabara, jeshi na kulipa madeni. Matumizi yakizidi mapato, ile tofauti ndiyo nakisi ya bajeti.

Tumtazame mwenye mtumbwi hapa Kibirizi. Mwezi huu amepata shilingi 900,000, ametumia 1,000,000. Zile 100,000 zimetoka wapi? Amekopa. Kama alinunua wavu, wavu utalipa deni. Kama alizila siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi haiendi ziwani, chakula kimekwisha na deni lipo palepale. Mpaka hapo yeye na serikali ni sawa. Lakini serikali ina mlango ambao mwenye mtumbwi hana: inaweza kukopa Benki Kuu, na Benki Kuu ndiyo inayotoa noti.

Sisi Watanzania mlango huo tuliupitia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ikabidi tuendeshe reli, ndege na posta zetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita ile inakadiriwa ilitugharimu dola za Marekani milioni 500. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei duniani, huku kahawa yetu imeshashuka. Nakisi ikawa kubwa, ikazibwa sana kwa fedha za benki. Noti zikaongezeka mifukoni. Viwanda navyo vikakosa mafuta na vipuri, vitu vikapungua madukani. Basi watu mia wana noti, sabuni ziko kumi: itakuwaje? Wazee wanazikumbuka foleni za sukari na khanga. Kuanzia 1980, kwa miaka mingi, bei zilipanda karibu asilimia 30 kila mwaka.

Hebu chukua kalamu. Kitu cha shilingi 100, kikipanda asilimia 30, mwakani ni 130. Mwaka wa pili ni 169. Wa tatu, karibu 220. Aliyeficha shilingi 1,000 chini ya godoro hakuibiwa hata senti, lakini baada ya miaka mitatu zilinunua vitu vya shilingi 455 tu za zamani. Hiyo ni kodi isiyo na stakabadhi, na huwaumiza zaidi wasio na ng'ombe wala nyumba, wenye noti peke yake.

Jirani zetu ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, waliona makubwa zaidi. Serikali ya Mobutu ilichapa noti ili ilipe mishahara. Januari 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa madukani, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya fujo Kinshasa. Mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Nayo haikudumu.

Kwetu dawa ilikuwa chungu. Kuanzia 1996 serikali ya Rais Mkapa ilijifunga kutumia kile tu inachokusanya, na mwaka huo Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi. Kufika 1999 upandaji wa bei ulikuwa chini ya asilimia 10.

Nakisi bado ipo, ila sasa huzibwa zaidi kwa mikopo ya ndani na ya nje. Hatusemi kukopa ni vibaya. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, haijengeki kwa kodi za mwaka mmoja. Lakini mkopo una riba. Tena serikali ikikopa mno kwenye mabenki ya hapa nchini, benki huona afadhali kuikopesha serikali kuliko mvuvi anayetaka injini.

Mnaosoma kwa vikundi, bajeti ikisomwa andikeni namba tatu: mapato ya ndani, matumizi yote, na fedha za kulipa madeni. Toeni namba ya kwanza katika ya pili. Halafu jadilini: katika fedha zitakazokopwa, ni zipi za kununua wavu, na ni zipi za kula siku za mbalamwezi?