Je, Serikali Inawajibika kwa Aliyebomokewa na Nyumba?



Machi 2023 kimbunga Freddy kilipopiga kusini mwa Malawi, matope yaliporomoka na kufunika nyumba za Chilobwe, Blantyre. Watu zaidi ya nusu milioni walikosa makazi. Hapa Area 23 nilimsikia ndugu akisema: "Hiyo ni kadari ya Allah, serikali ina kosa gani?"

Tuitazame historia. Mwaka wa 18 Hijria, Mwaka wa Ramada, ukame uliikumba Hijazi. Sayyidna Umar (r.a.) aliiamini kadari kuliko sisi, lakini alimwandikia Amr bin al-As alete chakula. Mabedui waliokimbilia Madina walilishwa, naye akajinyima samli mpaka watu wapate. Kwake hiyo haikuwa hisani bali amana, kwani Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kiongozi ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya raia wake.

Wengine husema: walijenga mteremkoni kwa hiari yao. Lakini wangapi walimudu kiwanja kingine? Kwa hiyo kuwajengea palepale hakutoshi. Wapewe ardhi salama.

Nimekulia Dzaleka, katika nyumba ya tofali za udongo. Mvua ilipoangusha ukuta wetu, majirani ndio waliousimamisha. Hiyo ni fardhi kifaya, wala haimwondolei mtawala wajibu wake.

Je, mkimbizi naye ana haki hiyo? Wale mabedui hawakuwa wenyeji wa Madina, na hawakurudishwa na njaa yao.

Wallahu a'lam.