Dondoo muhimu: Chaji inapoisha haraka njia ya Ngorongoro

Gari la umeme likikata chaji haraka kati ya Karatu na ukingo wa kreta, usikimbilie kuilaumu betri. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo unafika takriban 2,300. Kulipandisha gari la utalii la tani 3 kimo hicho tu kunakula uniti 6 na nusu hivi za umeme, bado hujahesabu barabara ya vumbi na hita ya asubuhi ya Julai.

Sehemu ya umeme huo hurudi ukiteremka, maana mota hugeuka jenereta. Lakini betri iliyojaa haipokei kitu! Ukilala ukingoni na asubuhi unashuka kretani kwa njia ya Seneto, usijaze asilimia 100. Ishia 85 au 90. Na ubakize chaji ya kupanda tena ukingoni jioni kwa njia ya Lerai, kimo cha mita 600 hivi.

Kuchakaa kwa betri ni jambo jingine, huja polepole kwa miaka. Kupime kwa uniti zinazoingia kutoka asilimia 20 hadi 80, hasa kabla ya kununua gari lililotumika.