Mdomo wa Samaki Kwanza, Jani Baadaye

Anayetaka kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika ndani ya tangi la kioo huwa na picha moja kichwani: bustani ya kijani, na samaki wenye rangi wakipita katikati ya majani. Tumekusanya maswali ambayo wafugaji wapya huuliza zaidi kuhusu mimea hai ya kuwawekea samaki hao, tukampa mtaalamu wetu ayajibu.

Nimepata tangi la lita 200 na nataka lijae mimea. Ninunue mimea kwanza au samaki?

Usinunue chochote kwanza. Amua ni samaki gani, kisha ujiulize anatumia mdomo wake kufanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Samaki unaowataka ni ndugu wa sato, perege na yule kuhe anayevuliwa Kigoma, na ndani ya ziwa hilo wako wa aina zaidi ya 200. Hawaishi maisha ya namna moja. Kuna anayeparua mawe, kuna anayechimba mchanga, na kuna anayeelea majini bila kujali kama kuna jani au hakuna. Mmea utakaodumu kwa huyu wa tatu utang'olewa na wa pili usiku mmoja.

Jambo jingine: ziwa lenyewe si bustani. Sehemu kubwa ya ufuo wake ni miamba na mchanga unaopigwa na mawimbi, na mimea hupata nafasi kwenye ghuba tulivu na karibu na midomo ya mito. Kwa hiyo tangi lenye mawe mengi na mimea michache si tangi la maskini. Kwa maoni yangu ndilo linalopendeza zaidi, na ndilo linalofanana na kwao.

Basi nitajie wanaoiacha mimea kwa amani.

Julidochromis, mwembamba mwenye mistari, hushinda kwenye nyufa za mawe akiwinda vidudu. Altolamprologus, yule aliyebapa kama sarafu iliyosimamishwa, naye ni mwindaji. Cyprichromis huogelea kwa makundi katikati ya maji na kula viumbe vidogo vinavyoelea. Hao watatu hawana shida na majani.

Neolamprologus multifasciatus ni kichekesho. Hazidi sentimita 5, anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, hali mimea hata kidogo, lakini ni mchimbaji asiyechoka. Hubeba mchanga kwa mdomo na kuumwaga anakotaka yeye. Ukipanda kitu karibu na kombe lake, siku chache baadaye mizizi iko juu. Mpe upande wake wa mchanga mtupu, mimea iwe upande wa pili, na uzungushie shina mawe madogo.

Mimi nampenda Tropheus. Huyo je?

Tropheus ni mparuaji. Kwao hula mwani unaoota juu ya miamba, na ana utumbo mrefu unaofaa chakula hicho. Jani laini kwake ni mboga tu. Utapanda, atakata, utapanda tena, atakata tena.

Mmea unaomfaa Tropheus ni ule ambao wafugaji wengi huusugua na kuutupa: mwani wenyewe. Weka mawe bapa ndani ya tangi, juu karibu na taa, taa iwake saa 8 hadi 10 kwa siku, uyaache mawe yageuke kijani. Safisha kioo cha mbele peke yake ili uweze kutazama. Ukiona samaki wako wanaparua mawe mchana kutwa badala ya kufukuzana, ujue umepanda vizuri. Tena wape chakula chenye mboga. Cha nyama nyingi huwavimbisha tumbo na kuwaua.

Maji yangu ni ya kisima. Nitajuaje kama yanafaa?

Angalia birika lako. Likiwa na utando mweupe ndani, na sabuni inakataa kutoa povu, maji yako ni magumu, yaani yana chokaa. Visima vingi vya mwambao na Unguja hutoa maji ya namna hiyo kwa sababu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Anayefuga samaki wa Amazon hayataki. Wewe yapokee kwa mikono miwili, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni magumu kiasi na pH yake hukaribia 9. Ila ugumu si uchumvi. Ukionja ukakuta ladha ya chumvi, tafuta maji mengine. Na pH huwezi kuikisia kwa jicho. Nunua kipimo cha matone.

Hapa ndipo mimea mingi ya dukani inapokwama. Katika maji yenye pH ya juu, hewa ya ukaa iliyoyeyuka huwa kidogo sana, nyingi ikiwa imegeuka bikaboneti. Mmea wa maji laini kama Cabomba hauwezi kuitumia bikaboneti, basi hudhoofika na kuoza huku mwenyewe akidhani umekosa mbolea.

Ipi basi inayoweza?

Vallisneria ndiyo ningeanza nayo. Majani yake ni marefu kama utepe, hutumia bikaboneti bila taabu, na ziwani imo. Panda mizizi mchangani lakini kitovu cha mmea, pale majani yanapoanzia, kibaki juu, ukikifukia kinaoza. Wiki za kwanza majani ya zamani huenda yakayeyuka yote. Usiung'oe kwa hasira. Kama mizizi ni mizima utachipua, na baadaye utatambaa wenyewe hadi uombe upungue.

Anubias inatoka Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Majani yake ni mazito na magumu, hivyo samaki wengi huyaonja na kuyaacha. Haipandwi mchangani. Ina shina nene linalolala, na shina hilo likizikwa linaoza. Lifunge juu ya jiwe kwa uzi, au ulibandike kwa tone la supaglu. Iweke kivulini, kwa maana hukua polepole, na jani la polepole chini ya taa kali hufunikwa na mwani. Kangaga la Java hufungwa vivyo hivyo, nalo huvumilia maji magumu.

Ya mwisho ni Ceratophyllum, isiyo na mizizi. Huelea tu na kukua kwa kasi, na kasi hiyo ina kazi. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu kali. Yakiwa na pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana tangi la Tanganyika halisamehi uchafu, na mmea unaonyonya uchafu huo kwa pupa una faida kubwa kuliko uzuri wake. Chujio bado unalihitaji.

Nikiwa na mimea, pampu ya hewa ya nini?

Ya usiku. Taa ikizimwa mimea nayo huvuta oksijeni, sawa na samaki.

Na mtoto wangu ana samaki wa dhahabu.

Huyo anakula karibu kila kitu laini. Mfungie Anubias juu ya jiwe na umwachie Ceratophyllum kama chakula.

Ninakaa karibu na ziwa. Si nichume tu mwenyewe?

Unaweza, lakini ujue unachochuma pamoja nayo. Konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa kwenye mimea ya majini, hasa pale watu wanapooga na kufulia. Konokono mmoja aliyeambukizwa huachia vijidudu majini kwa wiki nyingi, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mkono. Usiingie majini bila buti ndefu wala kushika mmea bila glavu. Nyumbani, ukague jani kwa jani, uondoe konokono na mayai yao yanayofanana na ute, kisha uuweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili au tatu ukiendelea kukagua. Mayai hujificha, kwa hiyo ukaguzi wa siku moja hautoshi. Ningekuwa wewe, ningeomba kipande kwa mfugaji mwenzangu.

Ikizidi, nikaitupe mtoni?

Hapana, wala mtaroni. Gugu maji linalosumbua Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na Salvinia iliyofunika sehemu za Ziwa Naivasha inatoka huko huko. Ceratophyllum humea upya kutoka kipande kidogo tu. Ianike juani hadi ivunjike mkononi, ndipo uichanganye na samadi ya bustani. Maji uliyobadilisha kwenye tangi, kama hayana chumvi, mwagilia mchicha.