Presha Isiyosikia Dawa: Homoni, Moyo na Figo

Tuanze na mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mama mwenye umri wa miaka 46, mkazi wa Kilakala mjini Morogoro, huhudhuria kliniki ya presha kila mwezi. Kwa mwaka mzima amekuwa akitumia dawa tatu, moja ikiwa ya kuongeza mkojo, lakini kila akipimwa kipimo husoma 170/105 au karibu na hapo. Asubuhi moja anakutana na tabibu kijana.

"Shikamoo, mama. Hizi dawa unakunywa kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Nakunywa zote. Ila usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo, na miguu inakosa nguvu nikipanda kurudi nyumbani."

Tabibu anatikisa kichwa na kuandika kwenye kadi: "Hafuati masharti ya dawa." Mama anarudi kwake akiwa ameaibika, na mwezi unaofuata anasita kwenda kliniki. Mambo mawili aliyoyataja, yaani haja ndogo za usiku na udhaifu wa misuli, yalikuwa fununu ya ugonjwa wa homoni unaotibika. Hakuna aliyeyasikiliza. Somo hili linaeleza fununu hizo zina maana gani, na ni kwa nini kuzipuuza kunaweza kugharimu moyo na figo.

Ugonjwa wa mjini na wa milimani

Wako wanaoamini kwamba presha ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye uwezo. Morogoro yenyewe imetoa ushahidi wa kinyume. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walifuatilia vifo katika maeneo matatu ya Tanzania: sehemu ya jiji la Dar es Salaam, Wilaya ya Hai, na Wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo ndiyo iliyokuwa maskini kuliko zote. Kwa kuwa wengi walifia nyumbani, chanzo cha kifo kilitafutwa kwa kuwahoji ndugu wa marehemu. Katika Morogoro Vijijini, wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikufa kwa kiharusi kwa kiwango cha watu 35 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam kiwango kilikuwa 65. Katika Uingereza na Wales, kwa wanaume wa umri huohuo, kilikuwa chini ya 11.

Mkulima wa kijijini, ambaye hakuwa mnene wala hakukaa ofisini, alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi mara tatu zaidi ya mwenzake wa Uingereza. Watafiti waliona kwamba maelezo yenye uzito zaidi ni presha ambayo haikutibiwa. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza presha hujengwaje mwilini, na ni kwa nini kwa baadhi ya watu haishuki hata wanapotumia dawa.

Figo hutoa amri

Mwaka 1898, mjini Stockholm, Robert Tigerstedt na msaidizi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuwadunga sungura wengine. Presha ya sungura hao ilipanda. Kitu kilichomo katika maji hayo walikiita renini.

Leo tunafahamu mlolongo wote. Figo ikihisi kwamba damu inayoipitia ni kidogo au chumvi imepungua, humwaga renini katika damu. Renini huikata protini inayotengenezwa na ini, ikapatikana anjiotensini ya kwanza. Kimeng'enya kilichomo hasa katika mapafu huigeuza kuwa anjiotensini ya pili, ambayo ina nguvu kubwa: huibana mishipa ya damu, na huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe homoni iitwayo aldosteroni. Nayo aldosteroni huiagiza figo irudishe sodiamu na maji katika damu, na itupe potasiamu katika mkojo. Maji yakiongezeka huku mishipa ikiwa imebanwa, presha hupanda.

Mkazi wa Morogoro anaweza kulifikiria Bwawa la Mindu. Maji yakipungua, msimamizi hufunga milango ili yahifadhiwe, yakijaa, huifungua. Renini ndiyo sauti ya msimamizi huyo. Katika mwili wenye afya, damu ikijaa vya kutosha renini hunyamaza, aldosteroni hupungua, na chumvi ya ziada hutoka kwa mkojo.

Aldosteroni isiyotii

Kuna watu ambao tezi zao za adrenali hutoa aldosteroni hata baada ya renini kunyamaza. Milango ya bwawa imefungwa ilhali maji yanafurika. Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza hali hiyo mwaka 1955 kutokana na mgonjwa wake, mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa na presha ya juu, potasiamu kidogo katika damu na udhaifu wa misuli. Uvimbe mdogo ulikutwa katika tezi yake moja ya adrenali, na baada ya kuondolewa alipata nafuu.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa adimu. Sasa inakadiriwa kwamba huwapata wagonjwa 5 hadi 10 kati ya kila 100 wenye presha, na karibu mmoja kati ya watano ambao presha yao haidhibitiwi na dawa tatu. Wengi wao wana potasiamu ya kawaida, hivyo kipimo kizuri cha potasiamu hakitoshi kuuondoa katika mawazo ya tabibu.

Madhara yake huzidi yale ya presha pekee. Aldosteroni iliyopita kiasi huufanya msuli wa moyo uwe mgumu na kujaa makovu, huvuruga mapigo yake, na huharibu vichujio vya figo hadi protini zivuje katika mkojo. Watu wawili wenye presha sawa wanaweza kutofautiana: mwenye aldosteroni nyingi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na ya moyo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 1999 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba spironolaktoni, dawa inayoizuia aldosteroni, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 miongoni mwa wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika sana.

Renini ndogo na uchaguzi wa dawa

Imeonekana kwamba Waafrika wengi wenye presha wana renini ndogo: miili yao huhifadhi chumvi kwa bidii. Jambo hili lina maana katika kuchagua dawa, kwa sababu dawa kama kaptoprili, enalaprili na perindoprili hufanya kazi kwa kuukata mlolongo wa renini. Renini ikiwa ndogo, dawa hizo zikitumika peke yake hushusha presha kidogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Mseto wa amlodipini na dawa ya kuongeza mkojo, na mseto wa amlodipini na perindoprili, yote miwili ilishusha presha kuliko perindoprili pamoja na dawa ya kuongeza mkojo. Amlodipini, kwa hiyo, ilikuwa nguzo ya misetoyote miwili iliyofanya vizuri.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mgonjwa mwenye protini katika mkojo bado anazihitaji dawa za kundi la kaptoprili au losatani, kwa kuwa huvilinda vichujio vya figo. Utafiti wa Wamarekani weusi wenye ugonjwa wa figo utokanao na presha, uliotolewa mwaka 2002, ulithibitisha kwamba ramiprili ilichelewesha kuharibika kwa figo kuliko amlodipini. Asili ya mtu hutupa dokezo la kuanzia. Hali ya figo zake ndiyo inayokamilisha uamuzi.

Homoni nyingine, na zile tunazojiletea

Kotisoli, homoni nyingine ya tezi za adrenali, hupandisha presha inapozidi. Mara nyingi chanzo chake ni dukani: vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni vinavyotumiwa bila ushauri ili kuongeza hamu ya kula au unene, na krimu za mkorogo zenye steroidi kali. Uso kuvimba na kuwa wa mviringo, michubuko isiyo na sababu na michirizi ya zambarau tumboni ni dalili za kuuliza kuhusu bidhaa hizo. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla; amwone daktari.

Maumivu makali ya kichwa, jasho jingi na moyo kwenda mbio, vikija pamoja kwa vipindi, huashiria uvimbe unaomwaga adrenalini. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi au pungufu nayo hupandisha presha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kufanya hivyo kwa baadhi ya wanawake, nao washauriwe njia nyingine.

Hatua kwa mhudumu wa afya

Kwanza, hakikisha kipimo ni sahihi. Mgonjwa apumzike dakika tano, aegemee kiti, nyayo ziguse sakafu, kibofu kiwe kitupu, asizungumze, na mkanda ulingane na mkono wake.

Pili, uliza kuhusu dawa bila kulaumu. Badala ya "Unakunywa kweli?" sema, "Wengi husahau dawa siku nyingine. Wiki iliyopita ilikuwaje kwako?" Uliza pia kuhusu diklofenaki, pombe, chumvi na magadi.

Tatu, ikiwa dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, hazikufua dafu, fikiria homoni. Fikiria hivyo pia pale potasiamu inaposhuka, kiharusi kinapompata mtu kabla ya miaka 40, au ndugu wa karibu wanapokuwa na historia hiyo. Pima mkojo kwa protini, na damu kwa kreatinini na potasiamu.

Nne, mpe rufaa. Kipimo kinacholinganisha aldosteroni na renini hakifanyiki zahanati, lakini barua yenye maelezo mazuri humwokoa mgonjwa miaka ya kuhangaika. Pale kipimo kisipopatikana, daktari anaweza kuongeza spironolaktoni ya miligramu 25. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliiona kuwa bora kuliko dawa nyingine kwa presha sugu. Potasiamu na kreatinini zipimwe tena baada ya wiki chache, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia kaptoprili au losatani, maana potasiamu ikipanda mno husimamisha moyo. Dawa hii haifai kwa mjamzito, na mwanamume aelezwe kwamba matiti yanaweza kuvimba.

Maneno kwa mgonjwa

Usiache dawa kwa kuwa hazijashusha presha, wala usiongeze mwenyewe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu iliyomo katika samaki wa chumvi. Magadi yanayolainisha maharage na mlenda nayo ni sodiamu. Chumvi mbadala zenye potasiamu usizitumie bila kumuuliza daktari. Beba dawa zako zote uendapo kliniki, na mkorogo pia kama unao. Eleza unachokihisi, hata kama hukuulizwa: haja ndogo za usiku, misuli kukaza, miguu kuishiwa nguvu.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, au kupandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017. Njia zote mbili ni nzito kwa familia. Kipimo cha potasiamu na kidonge kinachofaa ni mzigo mwepesi zaidi.

Tumrudie mama wa Kilakala. Kadi yake ilistahili kuandikwa hivi: "Presha haijadhibitiwa kwa dawa tatu. Anaeleza kukojoa usiku na udhaifu wa misuli. Apimwe potasiamu, kreatinini na protini ya mkojo. Apewe rufaa kuchunguzwa aldosteroni."