SOMO LETU: NJAA YA TUMBO NA NJAA YA KUKAA BURE

Masomo mengi yaliyopita yalihusu chakula kisichotosha. Mara hii tunageuza upande wa pili, yaani mdomo usiopumzika. Tunasema juu ya kutafuna kila wakati, si kwa sababu tuna njaa, bali kwa sababu tumekaa tu na mkono hauna kazi.

Msomaji mwingine atasema, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa Nairobi wenye friji." Sivyo. Hebu tembea sokoni Laare saa nane mchana. Miraa ilichumwa alfajiri, ikafungwa, ikavikwa majani ya mgomba, na magari yameondoka mbio. Baada ya hapo wengi wetu tunabaki tumekaa. Mmoja ananunua mandazi, mwingine soda, mwingine njugu karanga na bablishi, na karibu kila mwanamume ana kijiti mkononi. Ukiuliza, "Mna njaa?" watakuambia hapana. Ni kupitisha saa tu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze: (1) kutofautisha njaa ya kweli na mazoea; (2) kuhesabu gharama ya mazoea hayo nyumbani kwake; (3) kuchagua njia moja ya kuyapunguza.

1. NJAA MBILI

Njaa ya tumbo huja polepole. Inaanza kidogo, inaongezeka, na haichagui sana. Mwenye njaa hiyo ukimpa githeri baridi ya jana atakula na kushukuru. Akishiba, anaacha.

Njaa ya kukaa bure huja ghafla, na inataka kitu fulani: ni lazima iwe soda, ni lazima iwe chipsi. Haijali kama umetoka kula sasa hivi. Na hata ukila, hairidhiki, kwa maana haikuwa shida ya tumbo tangu mwanzo.

Kipimo rahisi ni hiki. Ukitamani kula kitu, jiulize: "Kama ningepewa nduma iliyochemshwa au githeri bila kiungo, ningekula?" Jibu likiwa ndiyo, una njaa, basi kula. Likiwa hapana, kunywa maji kikombe kimoja, simama, fanya kazi ndogo ya robo saa, kisha jiulize tena. Mara nyingi hamu itakuwa imepita.

Jambo lingine ni kwamba mwili hujifunza saa. Ukizoea mandazi saa nne kila siku, saa nne ikifika tumbo litanguruma, hata kama ulikunywa uji mzito asubuhi. Mahali pia hufundisha, na watu vilevile: kibanda fulani, kiti fulani, rafiki fulani. Ndiyo maana wazee walisema mazoea yana taabu.

2. MIRAA NA HAMU YA CHAKULA

Hapa kwetu hatuwezi kufundisha juu ya kutafuna tukaruka miraa. Tunajua miraa ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za Igembe na kulipa karo. Hatujaja kugombana na shamba la mtu. Lakini kuuza ni jambo moja, na kutafuna mchana kutwa ni jambo lingine.

Ndani ya jani bichi kuna dawa iitwayo kathinoni. Hiyo ndiyo inayoleta handasi. Hupungua nguvu upesi baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu magari hukimbia ili mzigo ufike ndani ya siku mbili. Dawa hiyo huamsha mwili, huzuia usingizi, hupandisha mapigo ya moyo na presha, na huondoa hamu ya kula. Majani yenyewe hukausha mdomo na kufunga choo.

Basi tazama mambo yanavyofuatana. Mtu anaanza kutafuna saa saba akingojea habari za bei. Mdomo unakauka na ladha ni chungu, kwa hiyo anaongeza soda na bablishi. Jioni mama anaita watu mezani, yeye anasema hajisikii kula. Sehemu yake inabaki kwenye sufuria. Usiku hapati usingizi. Asubuhi ameamka amechoka, hana hamu ya uji, na kufikia mchana anatafuta tena kijiti ili achangamke. Kwa siku nzima ameingiza sukari na vijiti, lakini chakula cha kujenga mwili hakuna.

Wengine hujisifu wakisema, "Mimi nimeshinda njaa, naweza kukaa siku nzima." Hapo tuelewane vizuri. Kuua njaa kwa dawa si kuitawala. Anayeitawala njaa hula kwa wakati wake, kwa kiasi, na kuinuka mezani. Na watoto wanaangalia: mtoto akimwona baba hali na wengine mezani, atajifunza hivyo hivyo.

3. SUKARI ISIYOONEKANA

Chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ipungue chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ingefaa zaidi ikikaa karibu gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa hiyo soda moja tu imemaliza na kupita kipimo hicho, kabla ya kuhesabu sukari ya chai ya asubuhi na ya jioni. Sukari nyingi huharibu meno, huongeza uzito, na uzito ukizidi hufungua mlango wa kisukari. Zamani tuliuita ugonjwa wa matajiri. Siku hizi hata vijijini upo.

4. TUHESABU PAMOJA

Chukueni kalamu. Tuseme katika nyumba moja mama anatumia shilingi 20 kwa siku kwa mandazi, kijana shilingi 30 kwa chipsi, na baba shilingi 50 kwa soda na njugu za kusindikiza miraa ya shambani kwake mwenyewe. Jumla ni shilingi 100. Kwa siku sita za juma ni shilingi 600. Kwa majuma 52 ni shilingi 31,200.

Hakuna aliyeziona pesa hizo zikitoka, kwa sababu zilitoka kumi kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba huweza kumwagika haba na haba vilevile. Sasa kila mmoja aandike hesabu ya nyumba yake, kisha mlinganishe na mchango wenu wa merry-go-round. Je, kuna aliyekosa mchango mwezi uliopita akisema hana pesa?

Tukumbuke pia kwamba soko letu hufungwa bila kutuuliza. Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014. Somalia ilizuia mzigo wetu kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Nyakati kama hizo saa za kukaa huongezeka na pesa hupungua. Aliyezoea kujaza saa zake kwa kutafuna huumia mara mbili.

5. NJIA ZA KUPUNGUZA

(a) Kula chakula kamili kwa wakati. Anayeruka uji wa asubuhi ndiye huyo anayezunguka vibandani saa nne. Maharagwe, njahi, githeri, wimbi, viazi vikuu na mboga hukaa tumboni muda mrefu kuliko mandazi.

(b) Kula polepole. Tumbo huchukua dakika kama 20 kupeleka habari kwamba limeshiba. Anayemeza haraka huongeza sahani kabla habari hazijafika.

(c) Badilisha mahali. Kama ni kile kibanda kinachokuita, pitia njia nyingine.

(d) Ipe mikono kazi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hasa mikono ikiwa mitupu. Kusuka kiondo, kushona, kutengeneza kitalu cha miche, kukata nyasi za ng'ombe: mkono wenye kazi hausahau mdomo kabisa, lakini humpa nafasi ya kupumzika.

(e) Weka kitu bora karibu. Ndizi mbivu, avokado, kiazi kitamu kilichochemshwa, maji safi. Kama lazima utafune, tafuna hicho.

(f) Usianze yote siku moja. Chagua zoea moja na uweke jingine mahali pake. Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu waliokuwa wakijenga zoea jipya la kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 hadi likawa jambo la kawaida, na walipokosa siku moja tu kazi yao haikuharibika. Basi ukianguka leo, endelea kesho.

(g) Kwa mtafunaji wa miraa: kula kwanza, weka saa ya kuacha mapema ili usingizi uje, punguza idadi ya siku, na kunywa maji badala ya soda. Ukishindwa kabisa, zungumza na mhudumu wa afya. Si aibu.

ANGALIENI SANA

Somo hili si la kunyima watu chakula. Mtoto ana tumbo dogo. Wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulishwa mara 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na nyongeza ndogo mara 1 au 2. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji kuongezewa. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na wale wanaomeza dawa kila siku wasibadilishe saa za kula bila kumwuliza daktari. Na mtu anayekula bila kushiba huku anakonda, apelekwe hospitali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni saa ngapi ya siku ambapo watu wa kijiji chetu hutafuna zaidi? Kwa nini saa hiyo?
2. Katika nyumba zetu, ni nani hukosa mezani jioni, na kwa sababu gani?
3. Someni Mithali 25:28. Mji usio na ukuta hupatwa na nini, na nyumba yetu ukuta wake uko wapi?
4. Kikundi kinaweza kuanzisha kazi gani ya mikono kwa saa za mchana?

KAZI YA NYUMBANI

Kwa siku saba, kila mtu aandike kila kitu alichotia mdomoni kati ya milo, bei yake, na kama alikuwa na njaa au alikuwa amekaa tu. Asiyejua kuandika atumie punje za mahindi katika mikebe miwili. Mkutano ujao mlete hesabu, msichekane, na kila mmoja ataje zoea moja atakaloanza nalo. Fedha zitakazookolewa mweka hazina azifungulie ukurasa wake katika daftari, ili baada ya miezi mitatu kikundi kione kwa macho.

Mungu awabariki katika kazi zenu na awape kiasi.